Jiwe la Mafundo Manne

Kariakoo haiamshwi na jogoo. Majogoo wa Kariakoo huwa wamefungwa miguu ndani ya matenga wakisubiri wanunuzi, na hawana moyo wa kuwika. Mtaa wa Sikukuu uliamshwa na mikokoteni iliyokwenda sokoni, na nyumba aliyoishi Severa iliamshwa na mama yake, Paskalina, aliyegonga sufuria kwa mwiko. Maana yake moto uwashwe.

Severa alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano. Kila alfajiri aliwasha majiko mawili ya mkaa uani, moja la chai na moja la maandazi ambayo mama yake aliyauza barazani. Katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alijua kuupanga mkaa, alijua kuupepea kwa kipepeo cha ukindu mpaka ukawaka wote mwekundu, na biashara ikiisha alijua kuyamwagia maji makaa yaliyobaki ili yatumike tena jioni. Paskalina hakuvumilia hata kaa moja liteketee bure.

Jumamosi moja ya mwaka 1969, maandazi yalipokwisha, Severa alitumwa sokoni kununua vitunguu. Alikuwa bado anachagua aliposikia mwanamke mmoja akisema, "Mwizi." Sauti ilikuwa moja tu, wala haikuwa kubwa. Lakini neno hilo pale sokoni halikuhitaji sauti kubwa. Wachukuzi walitupa mizigo, wauza samaki waliacha meza zao, na mara kijana mmoja mwenye shati la kijani alikuwa chini, katikati ya miguu ya watu.

Walimpiga mateke. Walimpiga kwa mbao za makasha na kwa mawe ya mizani. Severa alimwona akijaribu kuliziba jicho lake kwa kiganja, na damu ikipenya katikati ya vidole. Kijana alikuwa akisema jambo, akilirudia na kulirudia, lakini nani angemsikia? Askari alipofika na baiskeli yake, kijana hakuwa tena na uwezo wa kusimama. Ndipo yule mwanamke alipoikuta pochi yake ndani ya kikapu chake mwenyewe, chini ya mafungu ya mchicha.

Hakuna aliyeomba radhi. Watu walikung'uta mikono, wakarudi kupima vitunguu na kutangaza bei. Severa alirudi nyumbani mikono mitupu.

Uani alimkuta mjomba wake, Pantaleo, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, bega lake la kushoto limefungwa kitambaa. Pantaleo alikuwa mdogo wake Paskalina, mzaliwa wa Masasi kama dada yake. Alikuwa amefika Alhamisi kutoka Merelani, karibu na mlima Kilimanjaro, ambako jiwe jipya la thamani lilikuwa limegunduliwa miaka miwili tu iliyopita. Alikwenda huko mnene na mcheshi. Alirudi amekonda, anakohoa vumbi, na ucheshi umebaki nusu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekuja bila vitunguu?"

Severa alimsimulia aliyoyaona. Pantaleo alisikiliza bila kumkatiza, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Kwetu machimboni mwizi hapigwi mwili mzima," alisema. "Anawekwa mkono juu ya mwamba, wenzake wanamponda vidole. Akiisha hapo hawezi tena kushika sululu, na popote aendapo watu wanaona mkono wanajua."

"Umewahi kuona?"

"Nimeona. Sitaki wewe uone."

"Pantaleo, usimtishe mtoto," alisema Paskalina akitokea chumbani. Alikuwa amejifunga kanga ya pili, anakwenda msibani Ilala. "Severa, mpe mjomba wako chai. Mimi nitarudi alasiri."

Mama alipoondoka, Pantaleo alikwenda kwenye debe la unga wa ngano, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kifurushi cha kitambaa cheupe kisichozidi ukubwa wa yai la bata. Kilikuwa na mafundo manne. Alikificha humo kwa sababu, alivyodhani, hakuna mwizi ambaye angefikiria kupekua unga. Hakukumbuka kwamba mtu wa kwanza kutia mkono katika debe lile kila siku alikuwa Severa, na kwamba Severa alikwisha kukigusa tangu jana.

"Tuko wanne shimoni," alisema. "Mimi, Kasmir, Uwesu na Filbert. Tunachimba kwenye kitalu cha mzee mmoja mwenye kibali, na tunakula sufuria moja. Jiwe likiangukia kwetu halina mwenyewe. Linafungwa kitambaani, na kila mmoja anafunga fundo lake kwa namna yake. Mmoja wetu anaweza kulibeba hata mwisho wa dunia, lakini halifungui mpaka wenye mafundo wote wawepo."

"Hili ni lako?" Severa aligusa fundo moja.

"Hilo limezungukia kushoto. Ni la Filbert. Alikuwa mtu wa shoto."

"Alikuwa?"

Pantaleo alilishika fundo lile kwa vidole viwili. "Siku nne baada ya kulifunga, ukuta wa shimo ulimwangukia, pima kumi chini. Tulimfukua kwa mikono. Uwesu aling'oka kucha tatu. Tulipofika kichwani, Filbert alikuwa bado anapumua. Tulipofika kifuani, alikuwa amenyamaza."

Alikohoa, akafuta mdomo. Watu wa shimo la jirani, alieleza, waliposikia kuna msiba waliona ndiyo nafasi. Walikuja na mapanga mchana kweupe, wakati yeye na wenzake walikuwa wamemweka Filbert kwenye machela, wakadai jiwe. Mmoja alimchana Pantaleo begani. Kasmir alimvunja mmoja wao taya kwa mpini wa koleo, na wengine wakakimbia. Baada ya hapo ilikubaliwa kwamba Pantaleo, mwenye kifua kibovu na jeraha, atangulie Dar es Salaam na jiwe, na wawili waliobaki wamzike Filbert ndipo wafuate.

"Fungu la Filbert ni la mama yake, yuko Ndanda," alisema. "Na fundo lake hatutalifungua. Tumekubaliana Bwana Hashil akate kitambaa pembeni, alitoe jiwe, fundo libaki lilivyo tumpelekee mama. Hana kitu kingine kilichotoka mkononi mwa mwanawe."

Hashil alikuwa sonara mwenye leseni, duka lake mtaa wa pili, na binti yake, Saadiya, alikaa dawati moja na Severa. Pantaleo aliongeza kwamba jiwe lenyewe kwa sasa lilikuwa la kahawia tu, kama sukari guru. Sonara akilipika vizuri lingegeuka buluu, na hapo ndipo thamani yake ingepanda. Alikirudisha kifurushi kwenye unga, akavaa kofia, akaenda kuwapokea wenzake kwenye kituo cha mabasi ya bara, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja.

Ingekuwa vizuri kama Severa angechukua ufagio akafagia ua. Hakuchukua.

Alikuwa na sababu mbili, na zote alizijua. Alimpenda mjomba wake, na alitaka akirudi na wenzake walikute jiwe limekwisha kuwa buluu, wafurahi, mjomba aache machimbo atibiwe kifua. Hiyo ndiyo sababu aliyojiambia kwa sauti. Sababu ya pili ni kwamba alitaka kuliona likigeuka, kwa macho yake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Hiyo hakujiambia, lakini ndiyo iliyomsukuma mkono kwenye unga.

Saadiya alikuwa amemweleza namna baba yake anavyofanya. Jiwe hufukiwa katika mchanga ndani ya kopo, na kopo huwekwa juu ya mkaa. Saadiya alimweleza pia kwamba moto huwa mdogo, haupepewi, kwamba kazi huchukua siku nzima, na kwamba jiwe huachwa lipoe lenyewe mchangani mpaka kesho yake. Lakini Severa alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka husikia lile analolitaka.

Alifungua mafundo yote manne kwa meno na kucha. Jiwe la kahawia likamwangukia kiganjani. Alichukua kopo la maziwa, akalijaza mchanga, akalifukia jiwe, akawasha jiko la maandazi. Kisha akapepea. Alipepea kama anayesubiriwa na wateja, mpaka mkaa ukawaka wote mwekundu na kopo likaanza kubadilika rangi. Kila mara alifukua kidogo kwa kijiti kuchungulia. Mwishowe akaona ukingo wa buluu, buluu yenye zambarau ndani yake, ambayo hakuwahi kuiona kwenye kanga wala kwenye bahari. Moyo wake ulijaa furaha.

Alilitoa kwa koleo la mkaa, akaliweka sakafuni, akachukua kata ya maji akalimwagia ili lipoe, kama alivyoyamwagia makaa kila siku ya Mungu.

Jiwe lililia ta, likapasuka vipande vitatu.

Severa alikaa chini. Vipande vilikuwa na nyufa nyeupe ndani, na sehemu kubwa ya ile buluu ilikuwa imefifia. Alijaribu kuviunganisha kwa vidole, vikaachana. Alilia kidogo, kisha akafanya jambo baya kuliko kuvunja jiwe. Alivifunga vile vipande kitambaani, akafunga mafundo manne. La Filbert alijaribu mara tano, lakini mkono wake wa kulia haukukubali kwenda kushoto. Akakirudisha kifurushi kwenye unga, akanawa uso. Kopo la mchanga alilisahau kando ya jiko.

Adhuhuri ilipopita kidogo Pantaleo alirudi na wenzake. Kasmir alikuwa mrefu, mwenye maneno machache. Uwesu, mtu wa Lindi, alikuwa mfupi mwenye mabega mapana, na vidole vyake vitatu vilikuwa vimefungwa matambara mahali kucha zilipong'oka. Severa aliwaamkia. Uwesu aliitikia vizuri, akamwuliza darasa, akasema binti kama huyu awe daktari. Wapangaji wengine wa nyumba ile walikuwa sokoni, na ua ulikuwa kimya. Severa aliwatilia chai. Maneno alikuwa nayo ulimini. Aliyameza, akaenda kusimama nyuma ya kamba ya nguo.

Pantaleo alitoa kifurushi, akakikung'uta unga, akakiweka juu ya mkeka. Alikuwa anatabasamu. Uwesu alinyoosha mkono wenye matambara ili aguse fundo la marehemu mwenzake, kisha mkono ukasimama hewani.

"Fundo la Filbert liko wapi?"

Pantaleo aliinama kutazama. Tabasamu likamtoka.

"Hili si langu," alisema Kasmir polepole. "Na hili si lako, Uwesu. Haya yote yamefungwa na mkono mmoja."

Kasmir alifungua. Vipande vitatu vilibingirika mkekani. Macho ya Pantaleo yalizunguka ua. Yakaona jiko lenye majivu mapya. Yakaona kopo la mchanga. Yakamwona Severa nyuma ya kanga zilizoanikwa, na Severa aliona kwamba amejua.

"Nani amefungua?" aliuliza Uwesu.

"Sijui," alisema Pantaleo.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, akaanguka na kikombe chake. Uwesu alimkalia kifuani akampiga tena, na tena, akisema kati ya ngumi na ngumi, "Umeuza jiwe la maiti. Umetuwekea vigae. Umeuza jiwe la maiti." Pantaleo alitema jino. Alipojaribu kugeuka, Kasmir alimkanyaga bega lililochanwa, na jeraha likafunguka upya, damu ikalowanisha kitambaa mpaka ikachuruzika sakafuni. Severa aliuma upindo wa kanga ili asipige kelele.

"Mkono," alisema Kasmir.

Waliuburuta mkono wake wa kulia hadi kwenye kizingiti cha saruji. Kasmir akaushikilia kwa magoti. Uwesu alichukua mchi uliokuwa kando ya kinu cha Paskalina.

"Kwa mara ya mwisho, Pantaleo. Nani amefungua?"

"Sijui, ndugu zangu. Wallahi sijui."

Mchi ulishuka kwenye kidole kidogo. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, kama ya kijiti kikavu, lakini sauti ya Pantaleo ilijaa ua mzima. Severa alifumba macho. Sema, alijiambia. Sema sasa. Akabaki nyuma ya kanga.

"Jiwe liko wapi?"

"Hilo mnaloliona ndilo."

Mchi ulishuka kwenye kidole cha pili.

Pantaleo alilia kama mtoto mdogo. Alipopata pumzi, aliinua kichwa, na kwa mdomo uliovimba akasema, "Basi. Ni mimi. Nimefungua mimi. Nimeliuza."

Uwesu aliuweka mchi chini. Ungedhani angefurahi kupata alichokitaka, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kwa uchungu. Kasmir ndiye aliyesema, kwa sauti yake ile ile ya chini, "Amekiri. Sisi tusichafue mikono zaidi. Tumtoe barazani, tuseme neno moja tu. Watu wa huku watamaliza wenyewe."

Wakamwinua kwapani, wakaanza kumburuta kupitia ukumbini. Severa alimwona kijana wa shati la kijani kana kwamba bado yuko mbele yake. Alijua hasa kitakachotokea mlango ukifunguliwa, nani atatupa mzigo, nani ataacha meza, mawe ya mizani yatatua wapi. Alijua pia kwamba mjomba wake alijua hayo yote, na bado alikuwa amenyamaza kwa ajili yake.

Alikimbia. Alipita kati ya ukuta na mguu wa Kasmir, akafika mlangoni kwanza, akasukuma komeo, akaliegemea kwa mgongo.

"Nimefungua mimi," alisema. "Mjomba anadanganya. Nilifungua mimi, nikalipika jikoni, likapasuka."

"Toka hapo, mtoto," alisema Uwesu.

"Msimsikilize," Pantaleo alijikakamua. "Ananiokoa tu."

"Sikuokoi. Nilifungua mimi."

Uwesu alimpiga kofi lililomgongesha kichwa mlangoni. Severa aliona nyota, akaonja damu, lakini komeo hakuliachia.

"Kopo liko kando ya jiko," alisema. "Nenda ukalishike. Bado lina moto."

Kasmir alimwachia Pantaleo, akarudi uani. Walimsikia akimwaga mchanga sakafuni. Aliporudi alikuwa na kipande kidogo cha jiwe kwenye ncha ya kidole, chembamba kuliko ukucha, na kilikuwa cha buluu.

"Mwite sonara," alimwambia Severa. "Kimbia. Usiseme neno kwa mtu mwingine."

Hashil alikuja na lenzi yake mfukoni. Alikuwa mzee mfupi wa asili ya Oman, aliyezaliwa Kariakoo na aliyewazoea wachimbaji na ghadhabu zao. Hakuuliza lolote. Alikaa kwenye mkeka, akaviunganisha vile vipande vitatu na kile chembamba kwa vidole, taratibu, mpaka vikawa jiwe zima lenye mistari ya nyufa. Kasmir alipoinama kutazama, aliona kwenye pembe ya jiwe alama ya ncha ya sululu. Ilikuwa sululu yake mwenyewe, siku ile alipolipata. Akageuza uso.

"Ni jiwe lenu," alisema Hashil. "Limepikwa kwa moto mkali, likamwagiwa maji. Wengi wameharibu mawe namna hii, tena watu wazima. Kwa vipande hivi nitakata vijiwe vidogo. Si mali mliyoitarajia, lakini si bure." Akainua macho akatazama mkono wa Pantaleo, vidole viwili vimepondeka na kuwa buluu. "Na huu mkono, nani aliyeupika?"

Uwesu aliuokota mchi kizingitini, akaurudisha kando ya kinu.

Hashil alimpeleka Pantaleo hospitali kubwa, Upanga, kwa gari lake, na Kasmir ndiye aliyembeba. Vidole viwili havikuweza kuokolewa, madaktari wakavikata. Paskalina aliporudi kutoka msibani na kukuta damu kizingitini, ilibidi majirani wamzuie asimvamie Uwesu kwa mchi ule ule. Kesho yake balozi wa nyumba kumi aliwaita wote, akaandika maelezo, na Uwesu na Kasmir wakaenda naye wenyewe hadi kituo cha polisi bila kusukumwa. Walilala ndani siku sita, wakaachiwa kwa kuwa Pantaleo alikataa kuwashtaki. Vijiwe viliuzwa kwa leseni ya Hashil, na fungu la mama yake Filbert lilitolewa kabla ya mafungu mengine yote.

Siku Pantaleo aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Severa alimketisha uani, akamlisha uji kwa kijiko kwa sababu mdomo ulikuwa bado na nyuzi. Alikuwa ameomba msamaha mara nyingi hospitalini, na kila mara mjomba alimjibu kwa kutikisa kichwa. Leo alimshika mkono wenye kijiko.

"Jiwe nilikwisha kukusamehe siku ile ile," alisema. "Watoto huvunja vitu. Nataka unijibu jambo jingine. Uwesu aliponiuliza kizingitini, kabla hajainua mchi, nilikuwa na vidole vingapi?"

"Kumi, mjomba."

"Aliponiuliza tena?"

"Tisa."

"Halafu?"

Severa aliinama, machozi yakadondokea kwenye bakuli.

"Sikuulizi ili ulie. Ukweli uliousema mlangoni ndio ule ule uliokuwa nao wakati wa chai, nilipokuwa na vyote kumi. Wakati ule ulikuwa mwepesi, ungekugharimu kofi moja labda. Ulivyouweka ndivyo ulivyozidi kuwa mzito, na aliyekuwa anaubeba ni mimi." Akapumzika, akameza mate kwa shida. "Na mimi pia nina kosa langu. Nilidhani nikidanganya kwa ajili yako nitakukinga. Umeona uongo wangu ulikotufikisha. Mlango ule ungefunguliwa, nisingekuwepo hapa, na wewe ungeishi na siri hiyo mpaka uzeeke. Mtu akikupenda asikufichie kosa. Akusaidie kulisema."

Uwesu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbini na chane ya ndizi mkononi. Alikuwa ametoka rumande jana yake, na hakujua aingie au aondoke.

"Ingia," alisema Pantaleo. "Haya ni yako pia. Uliniuliza swali, ndugu yangu, lakini hukuuliza hata mara moja ukitaka kusikia jibu. Ulikuwa na msiba moyoni, ukautafutia mtu wa kumpiga."

Uwesu aliweka ndizi chini, akachuchumaa mbele yake, akaushika ule mkono wenye bendeji kwa mikono yake yote miwili. Alilia bila sauti. Paskalina alimtazama kwa muda, kisha, kwa uso ambao bado haujafunguka, akamsogezea kibao akae.

Kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Mama yake Filbert alitakiwa kupelekewa fungu lake, na pamoja nalo barua, kwa sababu alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba angeletewa fundo la mwanawe, na fundo hilo halikuwepo tena. Kati ya wachimbaji wale hakuna aliyejua kuandika zaidi ya jina lake. Pantaleo alimwagiza Severa alete daftari na kalamu.

Severa alikaa mkekani akaandika kama walivyofundishwa shuleni. Alimwamkia mama wa Ndanda, akamtumia salamu nyingi, akamwuliza hali yake, hali ya mvua na ya mashamba, akamwambia kwamba wao huku ni wazima wa afya. Alijaza nusu ya ukurasa kwa mwandiko mzuri. Kisha akamsomea mjomba wake.

Pantaleo alisikiliza mpaka mwisho.

"Salamu ni nzuri," alisema. "Lakini unaanza tena kuchelewa. Safari hii anza na kosa. Salamu zitafuata."

Severa aliuchana ukurasa ule, akafungua mwingine, akaanza upya.